Chuma

Dakika hamsini na nne
kutoka karakana hadi kituo cha makaburini.
Nazijua kama mama alivyozijua punje za rozari yake.

Sodo mbili, moja juu ya nyingine.
Chini yangu gazeti la jana, na juu ya gazeti
taulo jeusi la Kalina la kuogelea.
Juu ya mpangilio huo nakaa,
naipeleka kazini nusu ya Łódź.

Kituo cha tatu, bonge linashuka.
Si maumivu. Ni uzito,
kama abiria anayeteremka bila kulipa nauli.
"Tahadhari, milango inafungwa," nasema,
kwa sauti ile ile ya kila siku.

Husemwa mwanamke yuko mwezini.
Mwezini! Laiti ningekuwa huko,
pasipo na abiria, pasipo na ratiba.
Mimi niko Mtaa wa Pabianicka, taa ni nyekundu,
na choo kiko dakika thelathini na moja mbele.

Mama yangu Genowefa alikuwa kiwanda cha nguo.
Alirudi na makapi ya pamba ndani ya sidiria,
pamba isiyofaa kuwa uzi,
akayakunja, akayafunga kwa chachi.
Miaka ile madukani hamkuwa na kitu.
Usiku nilimsikia akifua shuka gizani.
"Maji baridi. Ya moto hukaza doa."
Ndilo neno pekee aliloniachia juu ya jambo hili.

Daktari wa kwanza: ni umri.
Wa pili: ndivyo walivyo wanawake.
Wa tatu aliandika kitu bila kuinua macho;
nilichungulia, ilikuwa tarehe.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na changu nilikilalia juu ya mfuko wa plastiki, mwaka wa sita,
nikiamka saa nane, nikiamka saa kumi,
nikienda msalani mapaja yamebanwa
kama msichana anayeficha barua.

Kisha likaja la barafu.
Nilianza na vipande vya friji, usiku, kru, kru.
Halafu alfajiri moja, kabla ya zamu,
nikajikuta nalamba utando mweupe kwenye kioo cha tramu,
ulimi unanata,
mtu mzima wa miaka arobaini na sita, kitambulisho kifuani.
Fundi Zdzisław aliniona.
Akainama, akajifanya anatafuta spana.

Nesi Otylia ndiye aliyeuliza:
Ngapi kwa siku? Zinajaa kabisa?
Usiku unaamka mara ngapi?
Nikalia. Si kwa uchungu, kwa hesabu.
Hakuna aliyewahi kuniomba hesabu,
mimi ninayeishi kwa dakika.

Akiba ya chuma mwilini: nne.
Nikacheka hadi akaniletea maji.
Nne! Mimi ninayekalia chuma, ninayeshika chuma,
chuma mistari miwili mbele yangu hadi makaburini.
Mchumia juani hulia kivulini, wanasema;
mimi nilichumia chumani, nikala barafu.

Wakanitundikia dripu ya rangi ya kutu.
Wakaniwekea kitanzi chenye dawa.
Haikukoma. Ilitoka gharika, ikawa mvua.
Na Februari, nusu saa kabla ya zamu kwisha,
gharika ikarudi bila kubisha hodi:
suruali, kiti, koti kiunoni,
na kijana mmoja nyuma akisema kuna harufu.

Kalina ana miaka kumi na miwili.
Nimemwambia mambo mawili.
Maji baridi.
Na uhesabu, mwanangu, uandike.

Leo Machi, baridi ya mwisho.
Kioo kimefunga utando wake.
Nimesimama na kikwaruzo mkononi, naingoja ile hamu.
Haiji.
Ni barafu tu. Nakwaruza.

Kituo cha mwisho, nikiinuka,
bado nageuka kutazama kiti.